SOMO LA AFYA: KOREA YA SYDENHAM, AO NGOMA INAYOANZA KATIKA KOO

0. UTANGULIZI



Magonjwa mengi yanajulikana kwanza nyumbani ao hospitali. Ugonjwa wa leo, mara nyingi unajulikana kwanza darasani, juu ya kaye. Mtoto aliyekuwa na maandiko mazuri anaanza kuandika kama kuku amepita juu ya karatasi. Kalamu inaanguka. Bega linaruka. Anakunja uso, anatoa ulimi na kuurudisha upesi. Leo analia, kesho anacheka, na ukimuuliza sababu, yeye mwenyewe haijui. Mwalimu anafikiri: "Huyu ananichekelea," anamutosha inje. Jirani wa benchi anafikiri ni michezo. Na kule nyumbani watu wanasema kwa sauti ya chini: "Huyu mutoto iko na kitu. Balimuloga."

Kumbe ni ugonjwa wenye jina, wenye sababu na wenye dawa. Unaitwa korea ya Sydenham. (Jina hili halina habari na inchi ya Korea. Maana yake tutaiona katika sehemu ya 3.) Ni moja ya matokeo ya ajabu ya magonjwa ya otoimuni, yaani magonjwa ambamo mwili unajipiga wenyewe.

Kuna neno moja ninaloomba kila mmoja alishike, hata akisahau mengine yote: ngoma hii inaisha yenyewe, lakini sindano isiishe pamoja nayo. Hatari kubwa haiko katika mkono, iko katika moyo.

1. UGONJWA WA OTOIMUNI NI NINI?

Katika damu yetu kuna walinzi. Kazi yao ni kutafuta mikrobi na kuzipiga. Silaha yao moja inaitwa antikoro. Kila antikoro inatengenezwa kwa kufuata sura ya adui fulani, kama ufunguo unavyotengenezwa kwa kufuata kufuli yake.

Sasa fikirini bariere ya barabarani. Askari wamepata habari: "Mwizi amevaa kofia nyekundu." Wanamukamata mwizi, vizuri sana. Lakini kisha wanaendelea kukamata kila mtu wa kofia nyekundu: mwuza mihogo, mchungaji, hata mtoto wa komanda mwenyewe. Askari si waasi. Wanatii habari waliyopewa. Ubaya ni kwamba mwizi na raia walikuwa wanafanana.

Ni vile katika magonjwa ya otoimuni. Walinzi wa mwili wanapiga viungo vya mwili wenyewe. Iko mengi: lupusi, diabeti ya aina ya 1 ya watoto, rumatismi ya viungo ya watu wazima. Katika mengi ya hayo wanganga hawawezi kuonyesha kwa kidole mwizi wa kwanza ni nani. Lakini katika huu wetu wa leo mwizi anajulikana, na anakaa katika koo.

2. SAFARI YA UGONJWA

Mikrobi inaitwa streptokoki ya kundi A. Inaleta anjini, yaani maumivu makali ya koo pamoja na homa. Mtoto anakaa siku tatu ao ine bila kumeza vizuri, kisha anapona, watu wote wanasahau.

Walinzi hawasahau. Ngozi ya inje ya streptokoki iko na proteini zinazofanana na vitu fulani vya moyo, vya viungo na vya ubongo wetu. Kwa watoto wengine (si wote), antikoro zilizotengenezwa juu ya mikrobi zinaanza kupiga nyumbani. Ugonjwa huo wote pamoja unaitwa rumatismi kali ya viungo. Unakamata sana watoto wa miaka 5 mpaka 15, basi ni ugonjwa wa umri wa masomo kabisa.

Angalieni saa yake, maana hapa ndipo watu wanapotea:

a) Juma 2 ao 3 nyuma ya koo: viungo vikubwa vinavimba na kuuma. Leo goti, kesho kiwiko, kesho kutwa kifundo cha mguu.
b) Wakati huohuo moyo unaweza kuguswa, mara nyingi bila maumivu yoyote.
c) Miezi 1 mpaka 6 nyuma ya koo, ao zaidi: korea. Antikoro zimegusa sehemu za ndani za ubongo zinazotawala mwendo wa mikono, miguu na uso.

Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani, kati yao Madeleine Cunningham, walionyesha kwamba antikoro za wagonjwa wa korea zinakamata streptokoki na zinakamata pia seli za ubongo. Basi ile habari ya kofia nyekundu si hadithi tu, imeonekana katika labo.

Kati ya koo na mkono unaocheza kunaweza kupita trimestre nzima. Nani atakumbuka anjini ya mwezi wa kumi wakati kalamu inaanguka mwezi wa pili? Hakuna. Na mahali ambapo sababu haionekani, watu wanatafuta mulozi.

3. JINA LINATOKA WAPI?

Katika Kigiriki, koreia ni ngoma, kucheza. Katika Ulaya ya zamani watu walioshikwa na kucheza pasipo kujizuia walipelekwa mbele ya sanamu ya Mtakatifu Vitus, ambaye Wafaransa wanamwita Saint Guy. Mwaka 1374 kule Aachen, na mwaka 1518 kule Strasbourg, makundi ya watu walicheza barabarani mpaka kuanguka. Jambo lile la makundi halikuwa ugonjwa wetu huu, lakini jina lilibaki. Mpaka leo tunasikia wazee waliosoma Kifaransa wakisema "danse de Saint-Guy".

Mwaka 1686 munganga mmoja wa London, Thomas Sydenham, aliandika vizuri alama za watoto hawa: namna mguu unavyovutwa, namna mkono unavyoshindwa kupeleka kikombe kinywani moja kwa moja. Yeye hakujua habari ya streptokoki wala ya antikoro. Aliangalia tu kwa uangalifu. Ndiyo maana ugonjwa unaitwa kwa jina lake.

4. ALAMA

Korea inakamata wasichana kuliko wavulana. Inaanza polepole. Alama zake ni hizi:

a) Mwendo usio na mpango: vidole, bega, mguu, uso vinaruka bila kufuatana. Si kutetemeka kwa namna moja kama mtu wa homa.
b) Mwendo unazidi mtoto akiogopa ao akiangaliwa na watu. Akilala usingizi, unaacha kabisa.
c) Nguvu za mikono zinapungua. Vitu vinaanguka: kalamu, sahani, kikombe.
d) Maandiko yanaharibika. Kaye ya mwezi uliopita na kaye ya leo ni kama za watu wawili.
e) Kusema kunakuwa na kukatakata.
f) Roho inabadilika upesi: kilio, hasira, kicheko, kukosa kutulia. Hii pia ni ugonjwa, si tabia mbaya.

Kwa wengine ni upande mmoja tu wa mwili unaocheza. Akili inabaki. Mtoto anasikia kila neno unalomutupia, hata lile la kumucheka.

5. NAMNA MUNGANGA ANAVYOTAFUTA

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "hii ni korea". Munganga anaijua kwa kuuliza na kuangalia. Tuchukue mfano wa kutunga, kama tunavyofanya katika hesabu.

Binti wa miaka 12 analetwa kituo cha afya. Ni juma la tatu anaangusha vitu. Mama anasema alikuwa mzima.

Hatua ya kwanza, maswali. Ilianza lini? Akilala inaacha? Alikuwa na koo katika miezi iliyopita? Magoti ao vifundo viliwahi kuvimba? Anachoka akipanda mlima? Anakamata dawa gani? (Dawa fulani za kuzuia kutapika zinaweza kupindisha shingo na uso.) Alianguka na kupotewa na akili? Ikiwa ndiyo, labda ni kifafa. Ni mwendo mmoja tu unaorudia, ambao anaweza kuuzuia kidogo? Ikiwa ndiyo, labda ni tiki. Kwa binti mkubwa munganga atauliza pia kama ana mimba, maana mimba inaweza kuamsha korea ya zamani.

Hatua ya pili, kuangalia kwa mikono mitupu. Kazi hii haiombi mashini:

- "Toa ulimi, nihesabu mpaka kumi." Ulimi unakimbia ndani mbele ya kumi.
- "Kamata vidole vyangu viwili, finya bila kuachilia." Mkono unafinya na kulegea, unafinya na kulegea, kama mtu anayekamua ng'ombe.
- "Inua mikono juu ya kichwa." Viganja vinageuka inje vyenyewe.
- "Andika jina lako." Tunaweka karatasi pamoja na kaye ya zamani, tunalinganisha.

Hatua ya tatu, moyo. Munganga anaweka stetoskopi na kusikiliza. Valvu ya moyo ikiharibika, inaacha damu irudi nyuma, na kunasikika kelele ya kupuliza. Lakini mara nyingine valvu imeguswa na hakuna kinachosikika. Ndiyo maana kila mtoto wa korea anapashwa kufanyiwa ekografi ya moyo, hata akisema hasikii kitu kifuani.

Hatua ya ine, labo. Wanapima damu kutafuta alama za uchochezi (VS na CRP) na antikoro za streptokoki (ASLO). Hapa iko mitego miwili, na inafaa sisi wa Biokimia tuielewe:

Mtego wa kwanza: ASLO iko chini, mtu anasema, "Basi si rumatismi." Kosa. Korea inachelewa miezi mingi, na antikoro zile zinaweza kuwa zimeshuka tayari.

Mtego wa pili: ASLO iko juu, mtu anasema, "Basi ni rumatismi." Kosa tena. Watoto wengi wenye afya wana ASLO juu sababu walikuwa na koo karibuni tu. Karatasi ya labo pasipo alama za mwili haitoshi.

Ili wanganga wa mahali pote wasiseme kila mtu lake, T. Duckett Jones wa Boston alipanga sheria mwaka 1944. Sheria zile zimetengenezwa tena mara nyingi, na mwaka 2015 ekografi iliingizwa ndani. Alama kubwa ni 5: moyo kuguswa, viungo kuvimba, korea, madoa fulani ya ngozi yenye duara, na vinundu vigumu chini ya ngozi. Alama ndogo ni kama homa, maumivu ya viungo bila kuvimba, VS ao CRP kuwa juu, na mabadiliko fulani ya umeme wa moyo. Kwa kawaida inaomba alama kubwa 2, ao kubwa 1 pamoja na ndogo 2, tena na ushuhuda wa streptokoki. Lakini korea iko na heshima ya peke yake: ikiwa sababu zingine zimetoshwa, korea peke yake inatosha kusema huyu mtoto ana rumatismi kali.

"Kutosha sababu zingine" maana yake nini? Lupusi, ambayo pia ni otoimuni, inaweza kuleta korea; hapo munganga anatafuta madoa ya uso, figo, kupungua kwa damu. Ugonjwa wa Wilson, ambamo shaba inajikusanya katika ini na ubongo, unaweza pia kufanana. Kazi hii ni ya munganga. Kazi yetu ni kumufikisha mtoto kwake.

Na kama kituo chetu hakina ekografi? Binti wa mfano wetu asirudishwe nyumbani kungojea siku ya safari. Anapewa sindano ya penisilini sasa, na anaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa. Moyo haungoji barabara itengenezwe.

6. MATUNZO

6.1. Kufukuza mikrobi. Hata kama koo haiumi tena, mtoto anapewa penisilini ya benzatini, sindano moja ya msuli, ao vidonge vya siku 10. Mtoto ambaye mwili wake unakataa penisilini (anavimba, anakosa pumzi) anapewa dawa ingine kama eritromisini. Ndiyo maana sindano inapigwa mahali penye munganga na dawa ya kusaidia upesi, si kwa mwuza dawa wa soko.

6.2. Kutuliza mwendo. Korea ndogo haiombi dawa ya ubongo. Inaomba utulivu, usingizi na watu wema. Ikiwa mtoto hawezi kula, kutembea ao kuandika, munganga anaweza kutoa valproate ao karbamazepini. Mara nyingine haloperidoli kwa uangalifu. Na katika korea kali sana, prednisoloni ya kupunguza vita vya walinzi. Dawa hizi si za kuazimana. Valproate, kwa mfano, inaharibu mtoto aliye tumboni, basi haipashwi kupewa ovyo kwa binti mkubwa.

6.3. Kulinda moyo. Hii ndiyo nguzo. Mtoto aliyepata rumatismi mara moja anaweza kuipata tena kwa kila anjini mpya, na kila mara valvu inazidi kuharibika: inakuwa nene, inashikamana, haifunguki vizuri ao haifungi. Ili anjini mpya isiingie, anapigwa penisilini ya benzatini kila juma 3 ao 4. Kipimo cha kawaida ni unite 1.200.000 kwa mwenye kilo 30 na zaidi, na 600.000 kwa mwenye chini ya hapo.

Kwa muda gani? Kwa desturi inayofuatwa, mtoto ambaye moyo haukuguswa anapigwa sindano angalau miaka 5 ao mpaka atimize miaka 18, kwa kufuata ule ulio mrefu zaidi. Moyo ukiguswa kidogo, miaka 10 ao mpaka 25. Valvu ikiharibika sana, inaweza kuwa maisha yote. Kwa mgonjwa ambaye moyo umechoka sana, munganga anaweza kuchagua vidonge mahali pa sindano.

Hesabuni. Sindano kila juma 4 ni 13 kwa mwaka. Miaka 5 ni 65. Sindano hii inauma, hakuna sababu ya kuficha. Kupasha kichupa moto kidogo katika viganja, kufinya kwa kidole gumba mahali pa kupiga, na kusukuma dawa polepole, vinapunguza maumivu. Lakini sindano 65 zinazouma ni kitu kidogo mbele ya valvu ya kubadilisha, kwa maana kupasua moyo kunaomba feza nyingi na mara nyingi safari ya mbali.

Je, inasaidia kweli? Katika Uganda, jirani yetu, walichukua watoto 818 ambao ekografi ilikuwa imeonyesha mwanzo mdogo wa ugonjwa wa valvu. Kundi moja lilipata sindano kila juma 4, lingine halikupata. Nyuma ya miaka 2, waliozidi kuharibika katika kundi la sindano walikuwa 3, na katika kundi lingine walikuwa 33. Habari hii ilitangazwa mwaka 2021. Makundi yalikuwa karibu sawa kwa hesabu, basi kila mmoja anaweza kujihukumia.

7. NENO JUU YA MAOMBI NA UCHAWI

Siandiki hapa kinyume cha maombi. Sisi ni masomo ya kanisa, na tunajua kumwombea mgonjwa ni amri. Lakini tufikiri vizuri.

Korea inatulia yenyewe, mara nyingi ndani ya miezi michache. Kwa wachache inakawia mwaka na zaidi, na kwa wengine inarudi. Basi angalieni. Mtoto anapelekwa kwa mganga wa kienyeji, anachanjwa na kupakwa dawa, nyuma ya miezi mitatu mkono unatulia: "Dawa ya mzee iko na nguvu!" Mwingine anafungiwa katika chumba cha maombi, ananyimwa chakula, anapigwa ili pepo atoke, nyuma ya miezi mitatu mkono unatulia: "Pepo ametoka!" Mwingine hakufanyiwa kitu, nyuma ya miezi mitatu mkono unatulia vile vile.

Wote watatu wanasema mtoto amepona. Hakuna aliyeweka sikio juu ya moyo wake. Hakuna sindano hata moja. Nyuma ya miaka kumi, binti yule ni mke wa mtu, ana mimba, na usiku anakosa pumzi, miguu inavimba. Watu wanasema amelogwa mara ya pili. Kumbe ni valvu ileile, ni anjini ileile ya darasa la tano.

Kumufungia mtoto wa korea pasipo chakula ni kumutesa mgonjwa. Mtume Paulo anamutaja Luka kuwa munganga (Wakolosai 4:14), na hakuna mahali alipomwambia aache kazi yake. Mwenye kuomba na aombe, akimushika mtoto mkono katika njia ya kwenda kituo cha afya. Na siku mkono utakapotulia tumushukuru Mungu, kisha juma la ine likifika turudi kwa sindano.

8. SISI DARASANI TUFANYE NINI?

Kwa waalimu wetu, kwa heshima:
- Mwanafunzi ambaye maandiko yake yanaharibika ndani ya juma chache, mbele ya kumupa azabu mumuulize, na mwitishe wazazi.
- Mumuruhusu kujibu interogasio kwa mdomo, ao mumuongezee wakati.
- Mumuweke karibu na mbele, mbali na macho ya darasa zima.
- Sindano yake ya kila juma 4 isihesabiwe kuwa kukosa masomo.

Kwa sisi wanafunzi:
- Tusimuige. Kila kicheko kinaongeza mwendo, ni jambo la ubongo kabisa.
- Tusimupe kubeba maji ya moto ao sufuria katika internati.
- Tumuandikie kaye kwa zamu.
- Anjini yenye homa, maumivu ya kumeza, tezi za shingo kuvimba na usaa katika koo, pasipo kikohozi wala mafua, ionyeshwe kwa munganga upesi. Si kila koo ni streptokoki, nyingi ni za virusi na hazitaki antibiotiki. Lakini ile ya streptokoki ikitunzwa vizuri mapema, rumatismi inazuiwa. Vidonge vya siku 10 ni vya siku 10, hata kama siku ya tatu umepona.
- Kukata kimio hakufukuzi streptokoki. Kunaleta damu na jeraha tu.
- Tulale tukiachana nafasi, madirisha yafunguke. Mikrobi hii inapenda chumba kilichojaa.

Kwa wadada waliowahi kuwa na korea: siku mtakapokuwa na mimba, ao mkitaka vidonge vya kupanga uzazi, mwambieni munganga habari hii mbele ya yote. Korea inaweza kurudi, na moyo unapashwa kuangaliwa.

9. MWISHO

Mtu asifikiri ni ugonjwa wa vitabu vya Ulaya. Kule Ulaya umekuwa haba tangu nyumba zilipokuwa na nafasi na penisilini ilipofika kwa wote. Kwetu, uchunguzi uliofanywa kati ya wanafunzi wa Kinshasa na kutangazwa mwaka 1998 ulikuta ugonjwa wa valvu kwa watoto wapata 14 katika kila 1.000. Duniani zaidi ya watu milioni 40 wana moyo ulioharibika kwa njia hii, na zaidi ya 300.000 wanakufa kila mwaka. Mwaka 2018 Mkutano wa Afya wa dunia ulikubali azimio la kuupiga vita. Azimio ni zuri. Lakini azimio haliwezi kuona kaye ya jirani yako wa benchi. Wewe unaiona kila siku.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini watu wengi hawakumbuki anjini iliyoleta korea?
2. Taja vipimo vitatu vya korea visivyoomba mashini.
3. ASLO ya chini inatosha kukana korea? ASLO ya juu inatosha kuikubali? Eleza.
4. Mkono umetulia nyuma ya miezi mitatu. Mzazi anasema sindano sasa ni bure. Utamujibu nini?
5. Hesabu: mtoto ameanza sindano akiwa na miaka 12, moyo haukuguswa. Ataendelea angalau mpaka miaka mingapi? (Angalieni vizuri sheria ya 5 na ya 18, jibu si 17.)

Majibu yaandikwe kwenye karatasi na kutiwa katika sanduku la buletini. Tutayasahihisha pamoja.

Kapita wa wanafunzi,
finalisti, Biokimia